Jinsi ya kupunguza utapiamlo wa watoto mjini, kuanzia mtaani mpaka kwenye bajeti ya manispaa

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya watu wa manispaa, madiwani, maafisa lishe, watendaji wa kata na yeyote yule aliyeingizwa kwenye kamati ya lishe akaambiwa alete mpango wakati hajui hata aanzie wapi. Sitagusa kila kitu, nitakaa zaidi kwenye yale ambayo jiji lenyewe ndo lina uwezo nayo, mana matibabu ya wodini na sera za taifa zina wenyewe.

Kabla hujaendelea kusoma shika hili. Mtoto anayeumizwa na utapiamlo kuliko wote ana umri chini ya miaka miwili na mara nyingi hayupo kwenye daftari lolote la jiji. Shule hajaanza, kliniki alipelekwa mara ya mwisho kuchanjwa surua, mama yake anatoka alfajiri kutafuta riziki na yeye anashinda kwa jirani au kwenye chumba kimoja na watoto wengine kumi na kitu. Mpango wowote unaomsubiri huyu mtoto aje mwenyewe utamkosa, na ukija kumuona atakuja akiwa amebebwa usiku, kavimba miguu, hana nguvu hata ya kulia. Kwaiyo kazi yote niliyoiandika hapa chini ina lengo moja, jiji limfuate alipo na limfikie mapema.

Kubalianeni kwanza mnapambana na nini

Ukisema utapiamlo kwenye kikao watu wengi wanamfikiria mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele zilizobadilika rangi. Huyo yupo na ni dharura kabisa, lakini yeye ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kuna udumavu, yani mtoto mfupi kuliko umri wake, huu unaingia taratibu na haumshtui mtu kwasababu mtoto anacheza na anacheka kama kawaida, ila kipindi hichohicho ubongo nao ulikua unajengwa na haukupata vya kujengea. Kuna ukondefu, uzito umeshuka ukilinganisha na urefu, huu unakuja haraka na unaua haraka. Kuna upungufu wa madini ya chuma, vitamini A, zinki, madini joto, hivi kwa macho huvioni mpaka mtoto apimwe au aanze kuugua kila mara. Na kuna uzito uliozidi, ambao watu wa mipango wanausahau kabisa wakati nao ni utapiamlo. Makadirio ya UNICEF, WHO na Benki ya Dunia ya mwaka 2022 yalionyesha watoto chini ya miaka mitano waliodumaa duniani ni kama milioni 148, waliokonda milioni 45 na wenye uzito uliozidi milioni 37. Mjini hizi zote unaweza kuzikuta ndani ya nyumba moja, mtoto kadumaa, mama ana uzito mkubwa na damu pungufu, na wote wanakula chungu kimoja.

Lazma atatokea mtu kwenye kikao aseme watoto wa kwetu ni wafupi kwa asili. Mjibuni kwa heshima. Viwango vya ukuaji vya WHO vilivyotoka 2006 vilitengenezwa kwa kuwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, watoto walionyonyeshwa vizuri na kuishi kwenye mazingira mazuri, na walikua kwa kufanana sana japo wametoka pembe tofauti za dunia. Mtoto chini ya miaka mitano akilishwa vizuri na asipougua ovyo atakua kama mwenzake wa bara lingine. Kwaiyo mtaa ukiwa na watoto wengi wafupi, huo mtaa una shida, tusiwasingizie mababu.

Na zile siku 1000 zinazosemwa kila mahali hesabu yake ni rahisi, mimba siku 270 na miaka miwili ya kwanza siku 730. Hapo ndo mahali pa kuweka nguvu kubwa. Baada ya hapo mtoto anaweza kusaidiwa na lazma asaidiwe, ila urefu alioukosa kuurudisha ni kazi ngumu sana.

Msiufanyie kazi wastani wa jiji

Hapa ndo majiji mengi yanapotea. Takwimu za taifa zikitoka, mjini panaonekana pana nafuu kuliko vijijini, meya anapumua, bajeti inapelekwa kwingine. Shida ni kwamba wastani wa jiji unachanganya mtoto wa nyumba yenye bustani na mtoto wa nyumba iliyojengwa juu ya mtaro, alafu unapata namba inayomhusu nani sasa? Hakuna. Mnatakiwa mpate picha ya kata kwa kata, na pale penye msongamano mtaa kwa mtaa.

Takwimu za kliniki zisaidie lakini zisiwe peke yake, kwasababu anayekuja kliniki kila mwezi kwa kawaida ndo yule ambaye nyumbani kwake kuna mtu wa kumleta. Asiyekuja ndo mnayemtafuta. Fanyeni upimaji wa nyumba kwa nyumba kwenye maeneo mnayoyahisi, chagueni kaya kwa utaratibu wa sampuli ili msijikute mmepima nyumba za barabarani tu, na muwaombe watu wa takwimu wa chuo au wa serikali wawapangie hiyo sampuli, ni kazi ambayo ikikosewa mwanzo huwezi kuirekebisha mwisho.

Kwenye kupima kwenyewe kuna mambo madogo yanaharibu kila kitu. Mtoto chini ya miaka miwili anapimwa urefu akiwa amelala, aliyezidi hapo anasimama, na ukichanganya unapata tofauti ya kama sentimita 0.7 ambayo kwa mtoto mdogo ni nyingi. Wapimaji wawe wawili, mmoja anashika kichwa, mwingine miguu na kusoma. Viatu vitoke, na mtindo wa nywele unaozuia ubao kugusa kichwa ufunguliwe. Umri uchukuliwe kwenye kadi ya kliniki au cheti, sio kwa kukadiria, mana mtoto wa miezi 20 ukimuandika ana 24 umeshamfanya amedumaa kwenye karatasi. Mizani ihakikiwe kila asubuhi kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana.

Mkishapata asilimia za kila kata zilinganisheni na viwango vinavyotumika kimataifa. Udumavu ukifika asilimia 30 ni hali mbaya sana, 20 mpaka 30 ni mbaya, 10 mpaka 20 ni ya kati. Kwa ukondefu vizingiti viko chini zaidi, asilimia 15 tayari ni mbaya sana na kuanzia 10 ni mbaya. Alafu chukueni ramani, wekeni hizo namba juu yake pamoja na mabomba ya maji, mitaro, masoko, vituo vya afya na sehemu zinazofurika mvua ikinyesha. Nawaambia kikao kinabadilika mkiweka hiyo ramani ukutani, kwasababu injinia wa maji anaona mwenyewe kwamba kata yake mbovu na kata ya afisa lishe ni ileile.

Kitu kingine, ile mitaa ambayo jiji haijaitambua rasmi ipimwe pia. Kuna maafisa wanaogopa kwamba ukipima watoto wa mtaa usiotambuliwa umeutambua. Mtoto wa hapo ana njaa hata kama kiwanja kina mgogoro, na huo mgogoro uende kwa wanasheria, mzani uende kwa mtoto.

Kumpata mtoto mapema

Silaha ya bei rahisi kuliko zote ni ule mkanda wa kupima mzunguko wa mkono, MUAC. Unatumika kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, mkanda usikazwe wala usilegezwe. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na anatakiwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuanzia 115 mpaka chini ya 125 ni njano, utapiamlo wa kadiri. 125 kwenda juu ni kijani. Pamoja na mkanda bonyezeni nyayo zote mbili kwa dole gumba sekunde tatu, shimo likibaki pande zote mbili huo ni uvimbe wa utapiamlo na ni dharura hata kama mkono unasoma kijani. Hili la uvimbe wapimaji wanalisahau mno, sababu mtoto aliyevimba anaonekana mnene.

Nani apime? Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndo uti wa mgongo, na hapa nitasema bila kuzunguka, walipwe. Jiji likiwapa tisheti na posho ya semina tu, baada ya miezi michache wanaacha, na wana haki ya kuacha kwasababu nao wana watoto wa kulisha. Kila mhudumu apewe kaya chache kiasi kwamba anaweza kuzimaliza zote kila mwezi, na apewe zile za karibu na kwake ambapo watu wanamjua na wanamfungulia mlango. Mjini kuna tatizo la wapangaji kuhamahama, leo mtoto yupo hapa kesho kahamia upande wa pili wa jiji, kwaiyo namba ya simu ya mzazi na ya ndugu mmoja ziandikwe na mhudumu wa kule anakohamia apigiwe.

Alafu wafundisheni akina mama, baba na bibi wapime wenyewe. Huko Niger walijaribu kuwafundisha mama wa kawaida kupima kwa mkanda na ikaonekana wanaweza vizuri kama wahudumu. Na ukifikiria ina mantiki, mhudumu anamuona mtoto mara moja kwa mwezi ila mama anamuona kila siku akimuogesha. Mpe mkanda abaki nao, akiona rangi imebadilika ajue wapi pa kwenda. Hiyo "wapi pa kwenda" iwe imeshapangwa kabla ya kugawa mikanda, mana mama akipima nyekundu, akapoteza siku ya kazi, akafika kituoni akaambiwa chakula dawa kimeisha, harudi tena na atawaambia wenzake.

Chakula dawa ni ule mchanganyiko laini wa karanga, maziwa, mafuta, sukari na vitamini, pakiti moja gramu 92 ina kama kalori 500, hauhitaji maji wala kupikwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anayekula vizuri na asiye na ugonjwa mwingine mkubwa anatibiwa akiwa nyumbani, anarudi kituoni kila wiki au kila wiki mbili kupimwa. Kituoni kwanza anapewa ajaribu kula mbele ya muuguzi, akikataa au kama ana homa kali, anatapika kila kitu au amelegea, anapelekwa kulazwa. Anatoka kwenye matibabu mkono ukifika milimita 125 na kubaki hapo kwa mahudhurio mawili mfululizo bila uvimbe. Hivi vitu kituo chenu cha afya wanavijua, kazi ya jiji ni kuhakikisha mambo matatu: pakiti hazikatiki, kituo kinafunguliwa muda ambao mama mwenye kibarua anaweza kufika (jioni mara mbili kwa wiki na Jumamosi inabadilisha mahudhurio kabisa), na mtoto aliyeandikiwa rufaa mtaani kweli amefika. Hapo kwenye rufaa ndo wanapopotelea. Mhudumu anaandika kikaratasi, kituo hakijui kama kuna mtu anakuja, mama anaahirisha, wiki inapita. Meseji moja ya simu kutoka kwa mhudumu kwenda kwa muuguzi na jibu "amefika" au "hajafika" inatosha, hamuhitaji mfumo mkubwa wa kompyuta kuanza.

Na wale wa njano msiwaache wakisubiri kuwa wekundu.

Dei kea, mahali ambapo karibu kila jiji limepasahau

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo tofauti kubwa ya mjini na kijijini. Kijijini mama anaenda shambani na mtoto mgongoni au anamuacha na bibi. Mjini kiwanda hakimruhusu, sokoni kuna jua na vumbi, bibi yuko mbali, na kwenye kazi za ndani bosi hataki mtoto. Kwaiyo mtoto wa miezi minne anaachwa kwa mama mmoja wa mtaani anayelea watoto wengi kwa malipo ya siku. Huyo mama mlezi ndiye anayelisha watoto wa jiji lenu, milo miwili mpaka mitatu kwa siku, na uwezekano mkubwa manispaa haimjui hata jina.

Wengi wanasema hivi vituo vya mtaani vya kulelea watoto vifungwe, havina leseni. Mimi naona kuvifunga ni kuwaumiza wale tunaosema tunawasaidia, mama hawezi kuacha kazi, atampeleka mtoto sehemu iliyojificha zaidi. Njia inayofaa ni kuvisajili kwa masharti mepesi kwanza, bila faini, alafu kuvipandisha hatua kwa hatua. Mhudumu wa afya azunguke mtaani aulizie, wazazi wenyewe watamuonyesha. Mwaka wa kwanza dai vitu vichache tu, idadi ya watoto wadogo kwa kila mlezi isizidi kiasi, maji ya kunawa yawepo, choo au poti visafishwe, watoto wapimwe mkono kila mwezi hapohapo, na mlezi apate mafunzo ya ulishaji. Jiji nalo litoe kitu, iwe unga ulioongezwa virutubisho, mkeka, ndoo yenye bomba, jiko, au malipo kidogo kwa kila mtoto ili mlezi asilazimike kubana kwenye chakula. Mlezi anayelipwa kidogo sana na mzazi asiye na kitu atapika uji mwepesi, hesabu hazimruhusu vinginevyo.

Mambo ya kumfundisha mlezi, na mzazi pia: mtoto ananyonya maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, hata maji hahitaji. Mama anaweza kukamua kabla ya kwenda kazini, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne kwenye chumba kisicho na joto kali na siku nne kwenye friji, yanapewa kwa kikombe kidogo kisafi badala ya chupa mana chupa ni ngumu kusafisha. Kuanzia miezi sita chakula kinaongezwa huku kunyonya kukiendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Miezi 6 mpaka 8 milo miwili au mitatu kwa siku, miezi 9 mpaka 23 milo mitatu au minne na vitafunwa kati yake. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, tumbo la mtoto ni dogo, ukimjazia maji ya rangi atashiba bila kupata kitu. Na alishwe na mtu anayemwangalia usoni, kwa uvumilivu, kwenye sahani yake mwenyewe, sio watoto sita sahani moja ambapo mkubwa anamaliza na mdogo anaramba vidole.

Manispaa yenyewe ni mwajiri, tusisahau. Wafagiaji barabara, wauguzi, walimu, makarani, wote hao mishahara inatoka kwenu au mkandarasi wenu. Mkiweka chumba cha kunyonyeshea kwenye ofisi ya jiji, kwenye kila soko na kituo cha mabasi, na mkaandika kwenye mkataba wa mkandarasi kwamba mama apewe muda wa kunyonyesha, mmeshafanya kitu ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Mkumbuke pia matangazo ya maziwa ya kopo. Kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala zilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani 1981 na zinakataza kuyatangaza kwa umma, na jiji ndo linatoa vibali vya mabango, kwaiyo uwezo wa kusema hapana upo mezani kwenu.

Chakula chenyewe na bei yake

Mtoto wa miezi 6 mpaka 23 anatakiwa kila siku apate walau makundi matano kati ya manane, ambayo ni maziwa ya mama, nafaka na mizizi, mikunde na karanga na mbegu, maziwa na bidhaa zake, nyama na samaki na kuku, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, na mboga na matunda mengine. Elimu ya haya makundi inatolewa sana na wazazi wengi wanayajua vizuri tu. Kinachokosekana ni hela na umbali. Yai likiwa ghali mafunzo hayataliingiza kwenye sahani. Kwaiyo swali la jiji ni, je kwenye kata zenye hali mbaya, zile tulizozipaka nyekundu kwenye ramani, mtu anapata wapi mboga, mikunde na mayai kwa bei inayolipika, na je tunawafukuza wale wauzaji wadogo wanaoviuza hapo karibu?

Mfano ambao kila anayeshughulika na hili anatakiwa kuujua ni wa Belo Horizonte, Brazil. 1993, chini ya meya Patrus Ananias, jiji lilipitisha sheria likaanzisha idara yake kamili ya chakula yenye bajeti na wafanyakazi. Wakulima wa jirani wakapewa sehemu za kuuzia mjini moja kwa moja bila dalali, wafanyabiashara wakapewa maeneo mazuri ya jiji kwa kukubali kuuza bidhaa kadhaa za msingi kwa bei iliyopangwa na kufika pia mitaa ya maskini, migahawa ya umma ikauza milo kwa bei ndogo kwa kila mtu bila kuulizwa yeye nani, na chakula cha shule kikaboreshwa. Gharama ya yote hayo inatajwa kuwa chini ya asilimia 2 ya bajeti ya jiji, na mwaka 2009 ile sheria ilipewa tuzo ya Future Policy Award. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba walitumia vitu ambavyo kila jiji linavyo tayari, maeneo, vibali, zabuni na masoko. Ukitaka orodha ndefu ya mawazo ya namna hii kuna mkataba wa Milan wa sera za chakula mijini uliosainiwa Oktoba 2015, umeshaungwa na majiji zaidi ya 200 na una viashiria 44 vya kujipima, chukua vinavyokufaa.

Kwa kaya ambazo hazina kabisa, msaada wa fedha taslimu kwa mjamzito na mama wa mtoto chini ya miaka miwili unafanya kazi nzuri kuliko vikapu vya chakula vya mara moja, ila uwe wa kila mwezi na uaminike.

Maji na vyoo, na hapa tuwe wakweli

Mtoto anayeharisha kila mara hawezi kukua hata ukimlisha vizuri, utumbo unaumia, hamu inaisha, virutubisho havinyonywi. Hilo linajulikana. Lakini kuna tafiti kubwa zilizofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, matokeo yakatoka 2018 na 2019, walizipa kaya za vijijini vyoo vilivyoboreshwa, sehemu za kunawia na dawa ya kutibu maji, na urefu wa watoto haukuongezeka. Waliopewa virutubisho vya nyongeza ndo waliongezeka, tena kidogo. Wengine walisoma hapo wakasema basi maji hayana maana. Mimi nasoma tofauti, ndoo na sabuni kwenye mazingira ambayo uchafu umezagaa kila mahali havitoshi, mtoto anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni, kuku wanapita, mtaro unapita mlangoni. Kinachotakiwa ni kuondoa kinyesi mtaani kabisa na maji ya bomba yafike karibu na nyumba, na hiyo ni kazi ambayo shirika dogo haliwezi ila jiji linaweza. Kwaiyo hela ya lishe isiishie kwenye kampeni za kunawa mikono, mabomba, magari ya kunyonya vyoo na mitaro iliyofunikwa vianzie kwenye zile kata nyekundu. Mkandarasi wa maji akianza na mtaa wenye watoto waliodumaa wengi badala ya mtaa wenye wateja wanaolipa vizuri, huo ndo uamuzi wa lishe.

Kuna ya haraka ambayo sitayarefusha. Matone ya vitamini A kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59, dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja, mtoto akiharisha apate chumvichumvi ya kurudisha maji na zinki siku 10 mpaka 14, mjamzito apate vidonge vya madini ya chuma na foliki na aanze kliniki mapema. Haya yaunganishwe na ile ziara ya mhudumu ya kila mwezi. Chakula cha shule ni kizuri, kinaweka watoto darasani na kinawasaidia wale waliozidi miaka mitano, endeleeni nacho, ila msikihesabu kama mkakati wa kupunguza udumavu mana anayekula pale umri wa udumavu ameshaupita.

Bajeti na kikao

Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha hesabu kwamba hata afua kumi za lishe, yani hatua za kusaidia, zinazojulikana kufanya kazi zikiwafikia asilimia 90 ya wanaozihitaji, udumavu unapungua kama moja ya tano tu. Kilichobaki kinategemea maji, kipato, elimu ya mama, makazi, uzazi wa mpango. Ndo mana kamati ya lishe ikiwa ya idara ya afya peke yake inachoka. Mwenyekiti awe mkurugenzi wa jiji au meya mwenyewe, na ndani wawepo wa maji, masoko, ustawi wa jamii, elimu, mipango miji na fedha. Yule wa fedha asikose.

Peru walifanya kitu kizuri sana hapa. Kabla ya uchaguzi wa 2006 mashirika yaliwabana wagombea waahidi kupunguza udumavu kwa asilimia 5 kwa watoto chini ya miaka 5 ndani ya miaka 5, alafu serikali ikaunganisha fedha na matokeo, mikoa na manispaa zinapata nyongeza zikionyesha watoto kweli wamechanjwa, wamepimwa, wamesajiliwa. Udumavu ukashuka kutoka kama asilimia 28 mwaka 2008 mpaka karibu 13 mwaka 2016. Jiji linaweza kufanya hivyohivyo na kata zake.

Kwenye bajeti pigania mstari wake wenyewe, wenye jina, uliopigiwa hesabu ya kiasi gani kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Ukiiacha lishe ifichwe ndani ya "huduma za jamii" itakatwa wa kwanza makusanyo yakishuka. Na kila robo mwaka diwani aulize maswali yasiyokwepeka: zilizotengwa ni ngapi na zilizotoka ni ngapi? Wahudumu wamelipwa mwezi gani wa mwisho? Kituo gani kilikosa chakula dawa na kwa siku ngapi? Watoto wangapi walipewa rufaa na wangapi walifika? Dei kea ngapi mpya zimesajiliwa? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata ili wazazi wayasome.

Mwisho, wekeni matarajio sawa mapema ili mradi usiuliwe kabla haujazaa. Ukondefu na vifo vya wodini vinaweza kuonyesha mabadiliko ndani ya miezi, kwaiyo vipimeni kila mwezi kupitia ile mikanda. Kumbukeni kwamba mkianza kutafuta nyumba kwa nyumba idadi ya watoto wagonjwa itapanda kwanza, sababu mmeanza kuwaona, na hilo mwambieni meya kabla waandishi hawajamuuliza. Udumavu msiupime kila mwaka mkitafuta habari njema, rudieni ule upimaji wa sampuli baada ya miaka miwili au mitatu, kata zilezile, msimu uleule wa mwaka, na muangalie watoto waliozaliwa baada ya mradi kuanza kwa upande wao peke yao.